Nunda Mla Watu kama kadi ya Magic: toleo lipi kati ya haya matatu?

KadiMfukoni
Wakuu, nimerudi na Nunda wangu. Ni kadi ya kubuni ya Magic: The Gathering, ule mchezo wa kadi za viumbe na uchawi, rangi nyeusi. Nataka achezeke kama hadithini: paka wa Sultani aliyeanza na mifugo, akaishia kula wana wa Sultani mwenyewe.

A: mana 3 (bei ya kumshusha), 2/2 (nguvu ya kupiga / uhimili). Kiumbe kingine kikifa, Nunda anapata alama ya +1/+1 (zote mbili zinapanda moja).
B: mana 2, 1/1. Toa kafara kiumbe (unamuua wa kwako mwenyewe): Nunda anapata alama mbili za +1/+1.
C: mana 4, 3/3. Kila mwanzo wa zamu yako, toa kafara kiumbe kingine, Nunda apate alama ya +1/+1. Ukikosa, anakung'ata wewe kwa kadiri ya nguvu zake.

Nichapishe ipi?

bi_kete
B tupa. Carrion Feeder, kadi halisi ya mana 1, anapata alama moja tu kwa kila kafara, tena haruhusiwi kuzuia mashambulizi. Wako anapata mbili, anazuia, halipi kitu na hana kikomo cha kula. Mtu akiwa na kiumbe anayerudi kutoka makaburini (rundo la kadi zilizokufa), mchezo umekwisha hapohapo. Halafu umeandika "kiumbe" bila "kingine". Nunda anaweza kujila mwenyewe!

SheikhDeki
A nayo imepoa mno. Anakaa pembeni kungoja wengine waue. Huyo si Nunda, huyo fisi.

KadiMfukoni
Hahaha, fisi nimempokea. Nitamtengenezea kadi yake.

mwalimu_wa_mana
Mimi ni C. Wazo lenyewe la zamani, kadi ya Lord of the Pit ipo tangu 1993: mana 7, 7/7, anaruka, anapenyeza (nguvu inayomzidi anayemzuia inampata mpinzani), na usipomlisha anakutandika 7. Tofauti ni kwamba wako anazidi kunenepa, na deni linanenepa naye. Ndiyo hadithi yenyewe hiyo, Sultani alikataa paka auawe, eti paka ni wake na ndama ni wake.

bi_kete
Nimeijaribu C jana. Nimeichapa karatasini, nikaichomeka kwenye mfuko wa plastiki mbele ya kadi ya ardhi, nikacheza na mdogo wangu. Zamu ya 4 nikamshusha. Ya 5 kala, 4/4. Ya 6 kala tena, 5/5, naona raha. Mdogo wangu akatoa Lightning Bolt, kadi ya radi ya kupiga 3, akampiga panya wangu wa mwisho, Nunda mwenyewe hakuguswa. Zamu ya 7 nikang'atwa 5, ya 8 tena 5. Dogo kakaa anacheka tu.

SheikhDeki
Pole dada, ila hapo ndipo penye utamu! Kwa hatari hiyo, shusha iwe mana 3.

mwalimu_wa_mana
Sheikh, hapana. Bei iache, mwongezee kupenyeza. Sasa hivi mpinzani anamwekea kidudu cha 1/1 kila zamu na shambulio zima linaishia hapo.

Na jina libaki Kiswahili sahihi. Mirage, seti ya kadi za Magic ya 1996, ilikuwa na Ekundu Griffin, na kadi yenyewe nyeupe.

KadiMfukoni
😂😂 Basi ni C, mana 4, anapenyeza. Mchoro je, nimchore mkubwa kama nyumba?

bi_kete
Mchore paka wa kawaida, kalala kwenye mkeka wa Sultani.