Kuuza nyumba Marekani: kabla ya kurudi nyumbani, au baada?

Dada yangu mpendwa, pamoja na ndugu wote mliovutiwa na swali lake,

Umeuliza kama wewe na shemeji muiuze nyumba yenu ya Marekani kabla ya kurudi Tanzania mwezi Juni, au muipangishe kwanza mpaka muwe na hakika kwamba mmerudi moja kwa moja. Naomba nikujibu kwa urefu, kwa sababu mimi na mke wangu tulikabiliwa na swali hilohilo, tukalijibu vibaya, na sipendi kuona wengine wakilipa tulicholipa sisi.

Nianze na sheria, maana ndiyo inayoweka mipaka. Tangu mwaka 1997, mtu anayeuza nyumba iliyokuwa makazi yake makuu Marekani husamehewa kodi ya serikali kuu kwenye faida ya hadi dola 250,000, au dola 500,000 kwa mume na mke wanaowasilisha hesabu zao za kodi kwa pamoja, mradi wawe wameimiliki na kuishi humo kwa jumla ya miaka 2 kati ya miaka 5 iliyotangulia siku ya kuuza. Si lazima miaka hiyo 2 ifuatane. Kwa mtu aliyeishi humo mfululizo hadi siku aliyohama, maana yake ni kwamba anabaki na miaka 3 ya kuuza bila kupoteza msamaha huo, na hesabu huanzia siku alipotoa vyombo vyake, wala haisubiri siku atakapokata shauri kwamba harudi tena kuishi humo.

Sisi tulinunua nyumba Columbus, Ohio, mwaka 2004 kwa dola 138,000, tukaondoka kwenda Mwanza Agosti 2016. Hatukuiuza. Tuliwaambia watu kwamba tunaipangisha ili itulipie mkopo, na hilo lilikuwa kweli, lakini sababu iliyokuwa chini yake ni kwamba hatukuwa tumeamua tutaishi wapi, na nyumba ile ilikuwa inatupa ruhusa ya kuendelea kutoamua. Kila tulipokwazika Mwanza tulisema, “Si tuna kwetu Columbus?” Miaka ikapita. Katikati ya mwaka 2018 mke wangu alihitaji matibabu ya goti, tukarudi Marekani, lakini tukafikia kwa binti yetu Minneapolis kwa kuwa ndiye aliyeweza kumuuguza, na mpangaji akabaki Columbus. Tulipouza hatimaye, Januari 2020, kwa dola 231,000, miezi mitano ilikuwa imepita tangu mwisho wa ile miaka 3. Baada ya kutoa malipo ya madalali na gharama ya paa jipya, faida ilibaki karibu dola 70,000, nasi tukailipia kodi ya zaidi ya dola 10,000 ambayo tungeuza Julai tusingedaiwa. Juu yake kulikuwa na kodi ya uchakavu: mwenye nyumba ya kupangisha huhesabiwa kila mwaka punguzo kwa ajili ya kuchakaa kwa nyumba, na siku ya kuuza punguzo hilo hurudi kutozwa kodi kwa kiwango kisichozidi asilimia 25 hata kwa mtu ambaye bado ana haki ya msamaha. Hiyo ya mwisho haiepukiki kwa anayepangisha, basi ihesabuni mapema.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo katika sheria yoyote ya kodi. Novemba 2017 mpangaji wetu wa kwanza alihama, na nyumba ikakaa tupu. Usiku mmoja wa Januari, kukiwa ni asubuhi Mwanza, jirani alitupigia simu akisema kwamba maji yanatoka chini ya mlango wa gereji na yanaganda kwenye njia ya gari, na kwamba barafu imekwisha kuwa nene kiasi cha kuubana mlango usifunguke. Bomba lililopita ndani ya ukuta, nyuma ya sinki la jikoni, lilikuwa limeganda na kupasuka. Ukuta wote ulivunjwa, sakafu ikang’olewa, na kampuni ya bima ikakataa kulipa kwa sababu mkataba wetu ulisema wazi kwamba nyumba ikikaa bila mtu kwa zaidi ya siku 60, uharibifu wa namna hiyo haulipwi. Mkataba ulikuwa kabatini mwetu miaka yote. Hatukuwahi kuusoma hadi ukurasa huo. Kwa hiyo, dada, ikiwa mtapangisha, soma sehemu inayohusu nyumba isiyokaliwa kabla ya kusafiri, badilisha bima iwe ya nyumba ya kupangisha, na mkabidhi funguo mtu aliye karibu anayeweza kufunga maji.

Kwa maoni yangu, kosa letu kubwa halikuwa kuchelewa kuuza, bali kuchanganya maswali mawili. Mahali pa kuishi ni swali la afya, watoto, wajukuu, na wapi moyo unatulia. Kuuza nyumba ni swali la kalenda. La kwanza halijibiwi kwa kutembelea nyumbani wiki tatu za Desemba. Linahitaji mwaka mzima wa maisha ya kawaida, pamoja na kuugua huko na kutibiwa huko, na ndiyo maana siwashauri muuze kabla ya kuondoka. Nendeni mkapange nyumba badala ya kununua au kujenga, muishi mwaka mmoja au mwaka na nusu, kisha mkae mezani ninyi wawili muamue. Mkiamua kubaki, iwekeni nyumba sokoni mara moja, ili iwe imeuzwa kabla ya mwezi wa 30 tangu mlipohama, maana mnunuzi huweza kujitoa dakika za mwisho na mpangaji huhitaji kupewa muda wa kuondoka. Miezi 6 inayobaki ni akiba yenu.

Jambo la hadhi ya ukaazi lazima lihesabiwe pamoja na hilo. Kwa kuwa mna kadi za ukaazi wa kudumu na si raia, kukaa nje zaidi ya mwaka mmoja bila kibali cha kurudi huchukuliwa kwa kawaida kuwa mmeuacha ukaazi wenu. Kibali hicho huombwa mkiwa bado ndani ya Marekani, na hudumu kwa muda usiozidi miaka 2. Kiombeni kabla ya Juni. Mkiuza wakati ukaazi bado ni wenu kisheria, mauzo huwa kama ya mkaazi mwingine yeyote. Mkiuza baada ya kuurudisha, mnunuzi hulazimika kuzuia asilimia 15 ya bei yote, si ya faida, na kuipeleka kwa idara ya mapato, nanyi mtazifuatilia fedha hizo baadaye kwa kuwasilisha hesabu zenu. Mnunuzi anayekusudia kuishi humo mwenyewe huzuia asilimia 10 ikiwa bei inazidi dola 300,000 lakini haivuki milioni moja, na hazuii chochote ikiwa haizidi hizo 300,000.

Umesema pia kwamba shemeji angependa nyumba ibaki iwe urithi wa watoto. Namwelewa kabisa, lakini asiye raia ambaye makazi yake ya kudumu hayako Marekani, akifariki akiwa na mali huko, mali yake husamehewa kodi ya mirathi kwa dola 60,000 za kwanza tu, wakati raia na wakaazi husamehewa mamilioni. Huo ni mzigo mkubwa kuwaachia watoto. Kuhusu riba ndogo ya mkopo wenu wa mwaka 2021, ni kweli kwamba hamtaipata tena, lakini riba nafuu humfaa anayeihitaji nyumba yenyewe.

Na kwa kuwa shemeji anafikisha miaka 65 mwakani, jueni kwamba Medicare, yaani bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, kwa kawaida hailipii matibabu nje ya Marekani. Liwekeni hilo katika ule mwaka wenu wa majaribio.

Mwisho, kabla hamjafunga mizigo, shuka chini mlikoweka makaratasi, ukusanye kila risiti ya kazi mliyoifanya ya kuiongezea nyumba thamani: paa, madirisha, tanuri la kupasha joto, chumba mlichoongeza. Kila dola mliyotumia huko hupunguza faida inayohesabiwa siku ya kuuza. Risiti ya paa letu ya dola 9,400 tuliipata kwa bahati ndani ya boksi la viatu, baada ya fundi mwenyewe kuwa ameshafunga biashara. Zipige picha zote, mzibebe kwenye simu, na nakala ziacheni kwa mtoto mmoja. Mkifika salama mtujulishe tarehe kamili mliyohama, nami nitawakumbusha mwezi wa 18.

Kaka yenu