Nimelipa miezi 9 ili tovuti ya studio yangu ionekane Google, kumbe tovuti yenyewe iliambiwa ijifiche

Wanajukwaa, salaam. Naandika nikiwa na hasira, ila nitajitahidi kwenda kwa utaratibu, kwa sababu suala hili lina mambo ya kiufundi na sitaki mtu aje kuniambia kwamba nalalamikia kitu nisichokielewa. Jina la fundi silitaji. Bado tunadaiana, na sipendi uzi huu ufutwe kabla haujasomwa.

Mimi ni mpiga picha hapa Dodoma, nina studio ndogo Area D. Napiga harusi, send-off na mahafali, na siku ambazo hakuna sherehe naishi kwa pasipoti saizi. Kwa miaka mingi wateja waliletwa na maneno ya watu: umempiga bibi harusi wa Kikuyu vizuri, mwezi unaofuata anakuja binamu yake kutoka Nkuhungu. Lakini mji umebadilika. Tangu wizara zihamie na Mji wa Serikali ujengwe kule Mtumba, wapo watu wengi wanaofunga ndoa hapa ambao hawana shangazi wala jirani wa kuwaelekeza kwa mpiga picha. Wamehamia juzi, kwa hiyo wanaiuliza simu. Hiyo ndiyo sababu nilitaka tovuti.

Januari nilitengenezewa tovuti kwa shilingi 350,000. Hizo sizilalamikii, tovuti ipo na inapendeza. Februari fundi yule yule akaniambia kwamba tovuti isiyofanyiwa kazi ya kuipandisha haitembelewi na mtu, akaniomba shilingi 80,000 kila mwezi, na akaniahidi kwamba baada ya miezi 6 ningekuwa wa kwanza kwa yeyote anayetafuta mpiga picha Dodoma. Neno alilolitumia ni "uhakika". Google wenyewe wameandika katika mwongozo wao kwa wenye tovuti kwamba hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mwenzake nafasi ya kwanza. Mwongozo huo unasomwa bure, na ningeweza kuusoma kabla sijatuma hata senti. Sikuusoma. Kosa hilo ni langu, nalibeba.

Kuanzia hapo, kila mwisho wa mwezi nikawa naletewa ripoti ya kurasa 4 yenye michoro ya rangi, na katika ukurasa wa mwisho kulikuwa na picha ya skrini ya matokeo ya Google yenye duara jekundu kuzunguka jina la studio yangu, likiwa la kwanza kabisa. Nilikuwa nikiifungua ripoti ile, naangalia duara, natuma 80,000. Mara 9 nimefanya hivyo, Februari hadi Oktoba. Katikati hapo lilipita Bunge la Bajeti, kipindi ambacho mji unajaa wageni kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na sikupata hata mteja mmoja aliyesema ameniona kwenye tovuti. Nilipouliza, niliambiwa Google inachelewa, nivumilie.

Mwanzoni mwa mwezi huu akaingia studio dada mmoja aliyekuja na treni ya SGR kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya send-off ya mdogo wake. Alikuwa bado na begi mkononi. Akasema ametafuta mpiga picha tangu treni inatoka Morogoro, hakuona jina langu popote, na kilichomleta kwangu ni bodaboda aliyempakia pale stesheni. Nikamwambia labda hakutafuta vizuri, mimi ni wa kwanza. Akanipa simu yake: "Kaka, hebu andika mwenyewe." Nikaandika "mpiga picha wa harusi Dodoma". Nikashuka ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikaendelea hadi matokeo yakaanza kuleta vitu vya Arusha na Nairobi, huku dada amesimama ananitazama. Nilimrudishia simu yake bila kusema neno. Kazi alinipa, nadhani kwa kunihurumia.

Jioni nikampigia mpwa wangu anayesoma UDOM. Alikuja na kompyuta yake, akaandika kwenye Google neno "site", nukta mbili, kisha anwani ya tovuti yangu bila kuacha nafasi. Huko ni kuiuliza Google ni kurasa zipi za tovuti hiyo inazozijua. Jibu likaja kwamba hakuna hata moja. Akafungua ukurasa wangu wa mwanzo, akaangalia msimbo wake, yaani maandishi ya ndani yanayoujenga, akasogeza chini kidogo, akaniwekea kidole kwenye skrini palipoandikwa "noindex". Akasema, "Mjomba, tovuti yako inaiambia Google isiiweke kwenye orodha yake. Kila ikija, inaambiwa hivyo hivyo."

Tovuti yangu imejengwa kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti. Ndani ya mipangilio yake, kwenye sehemu ya usomaji, kuna kisanduku kimoja cha kuomba injini za utafutaji kama Google zisiorodheshe tovuti, nacho ndicho kinachoiandika ile "noindex". Kina kazi yake: fundi anakiweka alama wakati anajenga, ili kurasa ambazo hazijakamilika zisianze kuonekana kwa watu, na akimaliza anakiondoa. Fundi wangu alimaliza Januari na hakukiondoa. Kusahau ni kwa binadamu, na kama angekuwa amejenga tu akaondoka, nisingefungua uzi huu. Lakini huyu alipokea fedha mara 9 kwa kazi moja tu ya kuifanya tovuti ionekane, na katika miezi yote hiyo hakuwahi kutazama kama Google inaijua. Google Search Console, chombo cha Google cha kumwonyesha mwenye tovuti jinsi Google inavyoiona, ni ya bure, na ingemwonyesha kwa maneno ya wazi kwamba kurasa zimeachwa nje kwa sababu ya alama hiyo. Katika ripoti zake zote 9 hakuna tarakimu hata moja iliyotoka humo.

Sasa mtauliza, lile duara jekundu lilitoka wapi? Nililiuliza swali hilo usiku ule, nikazifungua ripoti zote upya na kukuza picha. Kwanza, neno lililotafutwa lilikuwa jina kamili la studio yangu, yaani neno ambalo anayelijua tayari ananijua mimi. Pili, kilichozungushiwa duara hakikuwa tovuti. Ni ukurasa wangu wa Instagram, nilioufungua mwenyewe miaka mingi kabla ya kukutana na fundi huyu. Nimelipa shilingi 720,000 kuonyeshwa kitu changu mwenyewe. Kama hilo si changa la macho, basi mnielekeze changa la macho ni lipi.

Mpwa wangu hakuishia hapo. Chini kabisa ya ukurasa wa mwanzo, mahali ninapopaona peupe siku zote, alivuta kipanya yakatokea maandishi meupe juu ya peupe: mpiga picha Dodoma, mpiga picha bora Dodoma, mpiga picha nafuu Dodoma, mpiga picha Singida, mpiga picha Zanzibar, mstari baada ya mstari. Google wanayahesabu maandishi ya kuficha kuwa ni udanganyifu na wanaweza kuiadhibu tovuti kwa ajili yake, kwa hiyo siku ambayo tovuti yangu ingefunguliwa mlango ingeingia na kesi mkononi. Maneno hayo hayo alikuwa ameyajaza pia katika lebo ya maneno muhimu ndani ya msimbo, lebo ambayo Google walitangaza tangu mwaka 2009 kwamba hawaitumii katika kupanga matokeo. Ripoti ya mwezi wa tatu ilijivunia viungo, yaani linki za kuelekeza kwangu, alivyoninunulia kutoka tovuti za nje. Tulifungua vichache, ni tovuti za kamari. Kununua viungo nako Google wamekukataza.

Suala la picha ndilo limeniuma kama mtu wa kazi hii. Ukurasa wangu wa mwanzo una picha 22, na nyingi ni zile zile zilizotoka kwenye kamera, za megabaiti 8 hadi 11 kila moja. Mteja aliyepo Ipagala na kifurushi cha siku akifungua ukurasa ule, kifurushi kinaisha kabla hajamwona bibi harusi. Ni kweli kwamba nilizipandisha mwenyewe. Lakini nilimuuliza fundi kwa sauti yangu kama ukubwa huo una shida, akanijibu kwamba picha kubwa ndiyo ubora. Kwa skrini, picha yenye upana wa pikseli 2,000 inatosha kabisa, na ukiibana vizuri inashuka hadi kilobaiti mia tatu au nne bila jicho la mteja kuona tofauti. Google kwa sasa huitazama tovuti kwa sura yake ya kwenye simu, na kasi ya ukurasa kufunguka ni miongoni mwa mambo inayoyapima. Halafu majina ya mafaili: DSC_4471, DSC_4472, mpaka mwisho. Hakuna picha hata moja iliyokuwa na maelezo mbadala, yale maneno machache yanayoieleza injini ya utafutaji, na pia mtu asiyeona, kwamba hii ni picha ya maharusi chini ya mibuyu, au ya mhitimu na mama yake siku ya mahafali. Mtu anayesema anauelewa utafutaji, amepewa tovuti ya picha, na picha hakuzigusa!

Kuna na ramani. Mwezi Machi alinitoza shilingi 150,000 nyingine kwa kile alichokiita usajili wa Google. Huo ni wasifu wa biashara unaotokea kwenye ramani pamoja na namba ya simu, saa za kazi na maoni ya wateja. Unafunguliwa bure na Google hawadai ada yoyote. Aliufungua kwa barua pepe yake mwenyewe, kwa hiyo mmiliki kwa mujibu wa mfumo ni yeye, na alama ya mahali aliiweka karibu na Jamatini, mbali na studio yangu. Kwa biashara inayotegemea watu wa hapa hapa mjini, wasifu ule pengine una thamani kuliko tovuti yote, na ndio alioufanyia uzembe zaidi.

Na mwisho, kitu ambacho hakihitaji hata utaalamu. Tovuti nzima iliandikwa kwa Kiingereza cha mapambo, maneno ya hisia na kumbukumbu zisizofutika. Mteja wa Dodoma haandiki hivyo kwenye simu. Anaandika "bei ya picha za harusi Dodoma", au "picha za mahafali UDOM", au "studio ya pasipoti saizi karibu na Nyerere Square". Nilimwomba mara mbili tuweke ukurasa wa bei kwa Kiswahili, akasema bei zinashusha hadhi ya chapa. Sasa nimeuandika mwenyewe, jioni mbili zilitosha.

Nilipompigia simu, kwanza alisema mpwa wangu ni mtoto wa chuo na hajui kitu. Nilipomtumia picha ya kisanduku kikiwa na alama, akasema "Kaka, hiyo ni setting tu," na akakata simu. Tangu hapo nimepigwa danadana. Nywila ya kuingia kwenye WordPress ninayo, ndiyo maana tumeweza kuondoa alama ile, kufuta maandishi meupe na kuiomba Google ipitie kurasa upya kupitia Search Console. Siku ya 6 ukurasa wa mwanzo ulionekana kwa mara ya kwanza. Lakini jina la tovuti, lile linaloishia na .co.tz, amelisajili kwa jina lake na si langu, na sasa anadai shilingi 300,000 ili alihamishe, na kanikumbusha kwamba muda wake unaisha Januari. Msimu wa mahafali ndio huu unaingia, na ameshika kamba ya shingo yangu.

Ninachodai ni hiki: jina la tovuti na wasifu wa ramani vihamishiwe kwangu bila malipo, na nirudishiwe shilingi 870,000, yaani zile 720,000 za miezi 9 pamoja na 150,000 za kitu cha bure. Meseji zote, ripoti zote na miamala yote ninayo. Nimeshamwandikia wakala aliyesajili jina hilo, nikiambatanisha risiti zangu za malipo, na kama nitazungushwa nitaandika TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, ambao ndio wanaosimamia majina ya .tz. Upande wa fedha nafikiria baraza la kata kwanza, kisha mahakama ya mwanzo, na yeyote aliyewahi kupita njia hiyo kwa deni la aina hii naomba anieleze alianzia wapi.

Wapiga picha wenzangu wa hapa mjini, najua fundi huyu ana wateja wengine kati yenu, kwa sababu alikuwa akinionyesha kazi zao. Andikeni "site", nukta mbili na anwani yenu usiku huu, kisha mniambie mmeona nini. Wakala akinijibu nitaleta mrejesho kwenye uzi huu huu.