MJADALA: Bedakwilini apewe kila mwenye TB sugu, au itunzwe kabatini kama akiba?

Wakuu habari za muda huu. Naomba tulijadili hili maana kila nikiligusia najibiwa "hiyo dawa ni ya akiba, tukiichezea tutabaki na nini?"

Kwa ambao halijawafika, TB sugu ni ile ambayo rifampisini, dawa kuu ya TB, imeshagonga mwamba, na mara nyingi isoniazidi, dawa kuu nyingine, nayo hivyo hivyo. Zamani tiba yake ilikuwa miezi 18 hadi 24, vidonge konzi nzima kwa siku, halafu miezi 6 hadi 8 ya mwanzo unachomwa sindano ya kanamaisini au za jamii yake. Bedakwilini ikaidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2012, aina mpya kabisa ya dawa ya TB baada ya miaka zaidi ya 40, na ni kidonge cha kumeza, inamzuia mdudu kutengeneza nguvu za kuishi.

Msimamo wangu nausema mapema: anayeihitaji apewe tangu siku ya kwanza, siyo mpaka mengine yote yashindikane.

Dada yangu alichomwa zile sindano. Makalio yote mawili yakawa magumu, anakaa kiupande upande, nesi anapapasa pa kuchoma hapati. Mwezi wa tatu wa sindano akasema masikioni kunalia kama nyenje, kliniki wakamwambia ni uchovu tu utapita, sindano zikaendelea. Mimi nilishtuka siku moja nimesimama nyuma yake namwita mara tatu hageuki, na simu yake inaita hapo hapo mezani hana habari. TB ilipona kweli, makohozi yakawa safi, ila usikivu haujarudi mpaka leo kwa sababu zile seli za ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena. Sasa mtu akiniambia akiba nauliza, akiba ya nani?

Najua watu waliogopa. Kwenye jaribio moja la mwanzo waliofariki kati ya waliomeza bedakwilini walikuwa asilimia 11.4, wasiomeza 2.5, na hiyo siyo namba ya kupuuza. Lakini Afrika Kusini 2018 waliamua kuziondoa sindano na kuweka bedakwilini, 2019 WHO ikasema sindano za kanamaisini na kapreomaisini zisitumike tena, na Desemba 2022 ikapitisha tiba ya miezi 6 ya vidonge tupu: bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini.

Nawasilisha, karibuni kwa hoja.

Mchangiaji wa 2: Pole sana kwa dada. Mimi kazi yangu ni kugawa dawa, na hapa nakupinga kidogo. Bedakwilini haitoki mwilini haraka, inakaa miezi. Mgonjwa akiacha katikati zile nyingine zinaisha ndani ya siku chache, hii inabaki peke yake kidogo kidogo na mdudu anapata muda wa kuizoea, na akishaizoea mara nyingi klofazimini, dawa nyingine ya TB sugu, nayo haimuui tena. Halafu kile kipimo cha haraka tulichozoea kinaonyesha usugu wa rifampisini, wa bedakwilini hakikuonyeshi, kwa hiyo unampa mtu dawa hujui kama bado inafanya kazi. Na linezolidi usiisahau, ganzi ya miguu na damu kushuka nimeviona kwa macho yangu.

Mleta mada: Mkuu kwenye kipimo umenishika, nakubali kabisa, dawa na kipimo chake vilitakiwa vije pamoja. Ila jiulize mgonjwa anaacha katikati kwa nini, si kwa sababu ni miezi 20 ya kichefuchefu na maumivu? Ukimfupishia mpaka miezi 6 ndiyo umeilinda dawa. Na huyo unayemnyima leo akitibiwa vibaya anaendelea kukohoa nyumbani, watoto wake wanaambukizwa TB ile ile sugu. Phumeza Tisile wa Afrika Kusini na Nandita Venkatesan wa India wote walipoteza usikivu kwa dawa za TB, wakapinga ombi la kampuni ya Johnson & Johnson la kuongeza muda wa hataza (haki ya kuitengeneza peke yao) ya bedakwilini kule India, na Machi 2023 likakataliwa. Walitaka iwe rahisi iwafikie wengi, siyo ikae kabatini.

Mchangiaji wa 3: Samahanini wakubwa, mimi ndiyo naanza hiyo ya miezi 6 wiki ijayo. Niogope nini?

Mleta mada: Usiogope mdogo wangu, ila uwe macho. Kabla ya kidonge cha kwanza waombe wakupime moyo kwa ile mashine ya kuchora mapigo, maana bedakwilini inaweza kuyavuruga, na warudie kukupima ukiwa unaendelea. Damu nayo wapime mara kwa mara. Vidole vya miguu vikianza ganzi au macho kufifia sema siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kliniki. Wakikwambia ni uchovu, rudi kesho yake useme tena.