Tepu ya tikataima: napata mchapuko 0.4, kitabu kinasema 0.5

Binti_Rungwe:
Wakuu, habari za jioni. Najiandaa na mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na huku niliko sina mwalimu wa fizikia. Kuna swali la tikataima, kile kifaa kinachogonga nukta kwenye tepu inayovutwa na toroli, limenitoa jasho. Tepu imekatwa vipande vitano, kila kimoja kina nafasi 10 kati ya nukta na nukta. Urefu wake ni sm 3, 5, 7, 9 na 11. Umeme ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Kasi ya kipande cha kwanza nimepata sm 15 kwa sekunde, ya mwisho sm 55. Vipande vitano ni sekunde 1, kwa hiyo mchapuko (kasi inavyoongezeka kila sekunde) ni 40 gawanya kwa 1, yaani 0.4 m/s². Majibu ya nyuma yanasema 0.5. Kitabu kimekosea? Halafu hiyo sekunde ya kipeo cha pili inatoka wapi?

Fundi_Maabara:
Mdogo wangu, kitabu kiko sawa, na kasi zako zote mbili ziko sawa. Rudi kwenye muda.

Kile kinyundo kinagonga karatasi ya kaboni mara 50 kila sekunde. Nukta hadi nukta ni sekunde 0.02, nafasi 10 ni sekunde 0.2. Sm 3 gawanya kwa 0.2 ni 15, vizuri kabisa. Ila hiyo 15 ni wastani wa kipande kizima. Kipande kinapoanza toroli iko chini ya 15, kinapoisha imeshaipita. Inafika 15 katikati ya muda wake, yaani sekunde ya 0.1. Kwa kipande cha tano, 55 inapatikana sekunde ya 0.9. Toka 0.1 mpaka 0.9 ni sekunde 0.8. Sasa gawanya: 40 kwa 0.8 ni sm 50 kwa sekunde kila sekunde, ndiyo 0.5 m/s².

Kipeo cha pili kiko palepale kwenye tepu yako. Kila kipande kinakizidi cha nyuma yake kwa sm 2. Gawanya 2 kwa 0.2, unapata kasi iliyoongezeka: sm 10 kwa sekunde. Ongezeko hilo nalo limechukua sekunde 0.2, kwa hiyo gawanya tena: 50. Umegawanya kwa muda mara mbili, mara ya kwanza kupata kasi, mara ya pili kupata mchapuko. Nawaomba sana wanafunzi wasiikariri fomula kabla hawajayaona haya kwa macho, maana mtu akishayaona hasahau.

Ukipata nafasi ya kufanya kwa vitendo, hesabu nafasi, usihesabu nukta: nafasi 10 zina nukta 11. Zile nukta za mwanzo zilizorundikana ziruke, anzia pale zinapotengana vizuri.

Binti_Rungwe:
Ahsante sana kaka, Mungu akubariki. Nimerudia kwa kipande cha pili na cha nne, nimepata 0.5 tena. Na kama vipande vinapungua urefu?

Fundi_Maabara:
Njia ni ileile. Kasi ya mwisho toa ya mwanzo, usigeuze. Jibu litatoka hasi, na alama hiyo usiifute: inasema toroli inapunguza kasi kwenye uelekeo uliouchagua.

Msafiri_Moro:
Nami nijaribu. Treni ya SGR, reli ya kisasa ya Tanzania, imesanifiwa kwa kilomita 160 kwa saa. Nimegawanya kwa 3.6 nikapata mita 44.4 kwa sekunde. Tukichukulia mchapuko huohuo wa 0.5 tangu imesimama, ni kama sekunde 89. Umbali nimechukua kasi ya wastani, 22.2 mara 89, karibu kilomita 2. Niko sawa?

Fundi_Maabara:
Hesabu iko sawa, na umefanya vizuri kubadilisha kilomita kwa saa kwanza. Wengi huanguka hapo. Ila umechukulia 0.5 inabaki ileile mpaka mwisho. Treni halisi ikishashika kasi, nguvu ya kuivuta inapungua na upinzani wa hewa unakua, kwa hiyo mchapuko unashuka. Kama imeanza na 0.5, itahitaji zaidi ya kilomita 2 kufika 160.