Nimefungiwa mlango kwenye kompyuta yangu ya dukani (Ubuntu), naomba msaada

Mama Steshenari
Habari za jioni wakuu. Nina steshenari huku Masasi. Kompyuta ya dukani haitumii Windows, ni ya Ubuntu, aliiweka kijana niliyemwajiri. Kijana kaacha kazi, simu yake haipatikani. Leo nimenunua printa mpya, kila nikitaka kuweka programu yake naombwa paswedi ya huyo kijana. Nikiandika sudo (amri ya kuomba mamlaka ya msimamizi) naambiwa jina langu halimo kwenye orodha. Msimu wa korosho ndio huu, watu wa AMCOS (ushirika wa wakulima) wanashinda hapa wakitoa kopi, na kazi za wateja za miaka 3 zimo humo. Nifanyeje?

Kijana wa Chuno
Dada, futa uweke Ubuntu upya. Unamaliza leo leo.

Fundi Ligula
Dada usifute kitu, kazi za watu zimo humo! Kwanza tazama msimamizi ni nani:

getent group sudo

Majina yanatokea mwishoni. Kama lako halipo, zima, kisha washa huku umeshikilia Shift (kwenye mashine nyingine unagonga Esc) mpaka menyu ya GRUB (ya kuchagua namna ya kuwasha mashine) itokee. Ingia "Advanced options", chagua mstari wenye "recovery mode", halafu "root". Ukiona alama ya # ujue una mamlaka yote ya mashine, kwa hiyo andika taratibu:

usermod -aG sudo jinalako

Penye jinalako weka jina la akaunti yako. Hiyo herufi a usiiache kabisa. Ukiweka -G peke yake, akaunti yako inatolewa kwenye makundi mengine ya ziada. Ukimaliza andika reboot, mashine iwake upya.

Mama Steshenari
Nimefika kwenye #, ila imenijibu "cannot lock /etc/passwd". Nimeogopa kuendelea.

Fundi Ligula
Samahani dada, kosa langu, nimeruka hatua. Hapo diski iko katika hali ya kusomwa tu, haikubali kuandikwa. Tanguliza hii, halafu rudia ile ya usermod:

mount -o remount,rw /

Mzee wa Mikindani
Mwanangu, angalia na hili. Umefika kwenye # bila kuulizwa paswedi yoyote. Basi na mtu mwingine akikaa hapo dakika 5 anaweza kufanya hivyo hivyo, na najua steshenari zinabaki na kopi za vitambulisho vya watu. Diski iliyofungwa kwa usimbaji (yaani haisomeki bila paswedi) ingedai paswedi yake kwanza. Sudo yako ikishakubali, mtoe yule kijana:

sudo deluser jinalake sudo

Mama Steshenari
Imekubali! Printa inatoa, na kijana nimeshamtoa. Fundi, Mungu akubariki. Mzee, shikamoo, kompyuta nimeihamishia chumba cha ndani, kaunta nimebakiza printa. Hiyo ya kufunga diski, naweza kuiweka sasa bila kugusa kazi zilizomo?

Fundi Ligula
Hapana dada, diski nzima hufungwa wakati wa kuweka Ubuntu upya, na hapo vilivyomo vinafutwa. Kwa hiyo kopi kila kitu kwenye diski ya nje kwanza, ufungue mafaili machache uhakikishe yanafunguka. Fanya msimu ukiisha, usifanye wiki hii.