Msimulizi akichoka, mchezo ufe? Tujadili

Mleta mada: Wadau, tuliseme hili bila kuoneana haya. Nani abebe kazi ya kupanga siku ya kucheza? Na wakikosekana wawili, tucheze au tuahirishe?

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, Dungeons & Dragons ulitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ambaye alikuwa mtu wa huku huku Minnesota tunakoishi. Watu wanne watano wanazunguka meza, kila mmoja na mhusika wake, na mmoja anakuwa msimulizi. Yeye ndiye anayejua pangoni kuna nini, na ndiye anayeamua dadu ya pande 20 imeleta heri au shari. Bila yeye hakuna kikao. Kwenye kundi letu ni mimi, mwaka wa tatu sasa, na karibu sote tunafanya kazi za shifti.

Jumapili iliyopita tulipatana saa nane mchana. Nilitoka kazini asubuhi, nikalala kwa muda wa saa tatu tu, nikaamka kumalizia ramani ya mgodi: vyumba 13 kwa penseli, kila kimoja na kilichomo. Pilau ilikuwa jikoni. Saa nane kasoro dakika ishirini ukaingia ujumbe: "Kaka samahani, nimeitwa kazini." Saa nane na robo, wa pili. Tukabaki watatu, tukala, tukaahirisha, mara ya nne mfululizo. Usiku nikaikunja ile ramani na sikuwa na hamu ya kuifungua tena. Hilo ndilo lililonitisha. Uchovu wa usingizi naujua, ukilala unaisha.

Kusimulia hakujawahi kunichosha. Kinachonimaliza ni kufukuzia watu: wewe Jumamosi vipi, wewe je, fulani umesoma ujumbe? Kwenye upatu kuna kijumbe, kazi yake ni kukumbusha na kukusanya. Sisi tumemfanya msimulizi awe kijumbe, mpishi na mwenye nyumba. Nasema mwingine ashike ukijumbe, na tukifika watatu tucheze.

Mchangiaji wa kwanza: Kaka, mimi ndiye niliyeitwa kazini. Napinga hilo la watatu. Mhusika wangu amemtafuta dada yake aliyetekwa tangu mwaka juzi. Mkimkuta mgodini nikiwa kazini nageuza wazee vitandani, nitarudi mezani kufanya nini? Mtanisimulia kwa ujumbe? Heri tucheze mara moja kwa mwezi, lakini sote.

Mchangiaji wa pili: Mara moja kwa mwezi tulishajaribu. Mmoja akikosa, inakuwa miezi miwili, na watu wanasahau hata majina. Msimulizi mmoja, Ben Robbins, aliendesha kampeni, yaani mchezo wa vikao vingi, aliyoiita West Marches kwa njia nyingine: wachezaji wenyewe walipanga siku na pa kwenda, aliyepata nafasi alikwenda, na kila kikao kiliisha kwa kurudi mjini. Hakuna aliyeachwa katikati ya pango. Na Gygax mwenyewe, meza yake ya Greyhawk, ulimwengu aliojibunia, ilipomzidi, alimwita mchezaji wake Rob Kuntz wasimulie pamoja. Mleta mada apumzike miezi miwili, mimi nitasimulia visa vya jioni moja.

Mleta mada: Mdogo wangu, hilo la dada umenigusa, na sikuliwaza. Basi iwe hivi: kisa kinachomhusu mtu mmoja hakiguswi asipokuwepo. Dada yako hatapatikana bila wewe. Lakini siku hizo wengine watacheza kitu kingine, hawatarudi nyumbani wameshiba pilau tu.

Kupumzika nakubali, ingawa naona uchungu kukiachia kiti. Ramani ya mgodi iko kwenye droo. Bado hakuna aliyejibu swali la kwanza: ukijumbe anaushika nani?