Tupeane uzoefu: siku uliyogundua kodi ya programu uliyojifunza imepitwa na wakati

Mtoto wa Malaba: Niko kwenye kafe ya intaneti Wandegeya, Kampala. Kijana pembeni yangu ananakili `#include <iostream.h>` kutoka daftari la kakake, mstari wa kizamani wa lugha ya C++. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Wenzangu mliojifundisha, nyinyi mlishtuka lini?

Dada Nukta-Mkato: Mimi Turbo C++, ile programu ya zamani ya kuandikia C++, skrini ya buluu. Kwenye usaili Ntinda nikaandika `void main`. Jamaa akauliza, "Hii inarudisha nini?" Nikamwambia hairudishi kitu. "Basi rudi wewe nyumbani."

Fundi Kimya: Void main nimeitumia miaka 6, inakubali.

Dada Nukta-Mkato: Inakubali Turbo! Kiwango rasmi cha C++ kinasema main irudishe `int`, yaani namba kamili, tangu 1998.

Fundi Kimya: Kiwango hakinilipii kodi.

Mjukuu wa Bombo: Kodi ipi sasa, ya nyumba au ya kompyuta? 😂

Bwana Mbale: Banange, mmenikumbusha. 2019 nilimwandikia mama mmoja wa duka la dawa programu ya mauzo kwa PHP, lugha ya kutengenezea tovuti. Nilijifunza kwa video za kwenye flashi, `mysql_connect`, amri ya kuunganisha na hifadhidata, kila kona. Jumamosi moja waliotukodisha seva wakapandisha PHP kutoka 5.6 hadi 7. Saa mbili usiku mama ananipigia: "Mwanangu, skrini nyeupe kama sanda." Nikapanda boda, mvua ya Mbale mnaijua. Kufungua logi, faili la makosa ya seva, eti `mysql_connect` haijulikani. Nikahesabu herufi mara tatu, nikidhani nimekosea tahajia. Kumbe PHP 7 ilizifuta amri zile tangu 2015! Nikahamisha faili 43 kwenda `mysqli`, amri mpya zilizochukua nafasi yake, moja moja, nikiwa na MB 80 tu. Huko kila `mysqli_query` inataka uitajie muunganisho kwanza. Mimi nilizoea kuuacha. Mama ananiletea chai ya tangawizi huku akiandika mauzo kwa kalamu. Alfajiri akaniambia, "Daftari langu halijawahi kuzimika."

Mama Pacha: Huyo mama apewe cheti.

Dada Nukta-Mkato: Pole kaka. Lakini si ungerudisha 5.6 kwenye paneli ya seva, ule ukurasa wa mipangilio yake, usiku ule tu? Dakika mbili.

Bwana Mbale: Sikujua kuna paneli.

Mama Pacha: Ndiyo maana mimi sipandishi toleo kamwe.

Mjukuu wa Bombo: Wadukuzi wanakushukuru. Na pakueni nyaraka, yaani maelezo rasmi ya lugha mnayotumia, zikae kwenye mashine. Januari 2021 intaneti ilipozimwa wakati wa uchaguzi, za Python ndizo zilikuwa gazeti langu.

Mtoto wa Malaba: Kijana anauliza nacheka nini kwenye simu.

Fundi Kimya: Mwambie afute hiyo `.h`. Void main mwachie.